Nafasi ya Jina la Mnunuzi

Pune, 6 Januari 1984

Kwa Khorshed,

Salamu. Natumaini hujambo, wewe na wa nyumbani kwako. Mimi sijambo, ila goti la kulia linanisumbua kwa baridi ya mwezi huu. Shangazi yako Freny analalamika toka asubuhi mpaka jioni, kwa hiyo naye ni mzima.

Sikuandikii kwa nia ya kuanzisha mazungumzo. Tumekaa miaka tisa bila barua na kila mtu ameendelea na maisha yake. Nakuandikia kwa sababu ya lile gari letu, ile Austin.

Mwenye nyumba ameuza kiwanja. Mwisho wa Aprili nyumba hii, banda la nyuma na ule mlimau, vyote vitavunjwa wajenge ghorofa. Mimi na shangazi yako tumepata vyumba viwili kwenye nyumba za jumuiya ya Waparsi wenzetu, ghorofa ya pili, ambako hakuna hata pa kuegemeza baiskeli. Gari lazima liuzwe. Liko juu ya mawe vilevile ulivyoliacha. Bodi imekwanguliwa rangi, injini nusu iko mezani na nusu iko kwenye mikebe, sakafu ya upande wa dereva imechomelewa na ya upande wa abiria ni shimo. Kwa nini ni shimo, unajua. Nilileta fundi wa kuchomelea sakafu, akamaliza upande mmoja akaondoka na binti yangu.

Nina haja mbili. Ya kwanza, kadi ya gari ina jina lako. Nililiandika mwenyewe ulipomaliza shule, kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa na mikono ya ufundi nyumba hii, na mama yako akasema nimeingiwa na wazimu. Sasa ofisi ya usajili inataka saini yako ndipo gari liende kwa mtu mwingine. Fomu nimeitia humu. Weka saini pale penye alama ya penseli.

Ya pili, sizioni saa za dashibodi, za mwendo na za mafuta, wala kabureta. Wewe ndiye uliyekuwa ukipanga mikebe kwa akili zako. Kwenye mkebe ulioandikwa “nati” nimekuta vifungo vya blauzi.

Ni hayo tu.

Baba yako,
Nariman Bhesania


Kolhapur, 15 Januari 1984

Baba yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima zote. Goti lipake mafuta ya haradali ya moto, usiku na asubuhi, na usimwachie shangazi alisugue maana ana mikono ya dobi. Sisi huku tu wazima. Wajukuu zako ni wawili, sijui kama habari ilikufikia. Mkubwa ni Mahrukh, ana miaka saba na haambiliki. Wa pili ni Sohrab, mwaka wa tano huu, kila kitu anakifungua aone ndani mna nini. Juzi kafungua redio.

Umetia saini jina lako lote, mpaka la ukoo. Nilidhani barua imetoka benki.

Umesema miaka tisa kila mtu ameendelea na maisha yake. Baba, Mama alikufa ndani ya miaka hiyo. Nilikuja. Nilikaa kwenye benchi la nje pamoja na jirani zetu Wahindu na yule muuza maziwa, kwa sababu niliolewa nje ya jumuiya na walisema siruhusiwi kumwona Mama uso wake. Ulipita mbele yangu mara mbili ukanyamaza. Makasisi nawaelewa, wana sheria zao. Wewe ndiye sijakuelewa mpaka leo. Lakini umesema hutaki mazungumzo, basi tuje kwenye gari.

Saa za dashibodi zimo kwenye mkebe wa biskuti wenye picha ya malkia, nyuma ya tairi la akiba. Kabureta limo kwenye kopo la samli, nimelifunga kwa gazeti lenye mafuta, usilifungue kwa bisibisi utalikwaruza. Vile vifungo ni vya blauzi ya Mama, vilikatika siku aliyotusaidia kusukuma. Nirudishie hivyo.

Nina ombi. Usiuze kwa mtu. Tuuzie sisi. Mume wangu Vasant ana gereji yake sasa, si tajiri lakini watu wanatoka Sangli kumletea magari. Mimi nafanya naye, injini ni zangu, bodi ni zake. Bei taja unayotaka. Tukilichukua mwezi wa pili, kabla ya mvua litakuwa barabarani, na wa kwanza kupanda utakuwa wewe. Ukitaka kwenda kusali Udvada tutakupeleka mpaka mlango wa hekalu la moto. Mimi sitaingia, nitakungoja garini.

Sikuwekei masharti. Fomu hii hapa, nimeshatia saini. Ile nafasi ya jina la mnunuzi nimeiacha wazi. Utaijaza mwenyewe.

Binti yako,
Khorshed


Pune, 3 Februari 1984

Mwanangu Khorshed,

Natumaini hamjambo nyote. Goti limepata nafuu kidogo. Mafuta yalifanya kazi, ingawa nyumba nzima inanuka achari na shangazi yako ananiita embe.

Fomu imefika. Kabureta nimelipata, zima kabisa, na saa zote nne. Vifungo nimevitia kwenye bahasha hii, vihesabu, ni sita.

Nimetoa tangazo kwenye gazeti letu la kila wiki: Austin ya 1947, haijamalizika, gari la Mparsi, kwa Mparsi. Unawajua watu wa mji huu. Mtu akisikia gari ni la Mparsi anafungua pochi kabla hajaona tairi, kwa kuwa anajua mwenyewe aliliogesha kila Jumapili kabla hajajiogesha yeye. Basi wameanza kuja, na Waparsi wachache, wengine wanatoka wapi sijui. Alikuja mmoja anataka kujua kama viti vikitolewa mbuzi watano watatosha. Nikamwambia wawili watatosha, yeye na kaka yake. Akaja mwingine, daktari, kazunguka gari mara tatu amefunga mikono nyuma, akaniuliza kwa nini halina rangi. Nikamwambia gari liko uchi, Daktari, vaa miwani. Shangazi yako anasema kwa mdomo huu nitazikwa na Austin yangu.

Kuhusu ombi lako. Sikiliza. Mimi na wewe tulivunja lile gari kwa miaka mitano, nati moja moja, na hatukupoteza hata moja. Kuna mtu analijua gari na kuna mtu anaheshimu gari. Aliyelelewa kwetu anaheshimu, hata kama hajui kushika spana. Huyo mumeo anajua kazi, sikatai, nimemwona na macho yangu. Lakini mtu aliyeingia kwangu kwa kazi ya mkono akatoka na kitu ambacho hakupewa, mimi namwitaje?

Akitaka, na aje alione kama wanunuzi wengine. Banda lipo.

Baba


Kolhapur, 24 Februari 1984

Baba,

Natumaini mu wazima. Sisi wazima.

Vasant alikuja. Ulisema aje, akaja. Alifunga gereji siku ya Alhamisi, siku yenye kazi kuliko zote, akavaa shati alilonunua kwa Diwali, akapanda basi la alfajiri. Alibeba mkoba wa spana na karatasi aliyochora sakafu ya upande wa abiria, vipimo vyote kwa kichwa, miaka tisa hajavisahau. Nilimfungia na samaki wa kupaka wa majani ya mgomba kama Mama alivyokuwa akipika, akupe.

Alirudi jioni. Nilimuuliza gari je, akasema limeshachukuliwa. Nikamuuliza Baba je, akasema mzee hajambo. Akaenda kunawa miguu. Mimi mjinga nikadhani mlikaa mkanywa chai.

Shangazi ndiye aliyeniandikia. Anasema hukufungua hata geti. Ulisimama ndani, yeye nje kwenye jua, mkaongea katikati ya vyuma kama watu wa jela. Anasema yeye ndiye aliyempelekea maji, na glasi akaipitisha chini kwa sababu juu haikupita. Anasema Vasant alikuomba aone gari tu, alione, hata kama limeuzwa, na wewe ukamjibu kuna mtu ameshapewa neno. Samaki alimwachia shangazi. Je, ulimla?

Sikuombi unipende upya. Lakini mtu huyu hajawahi kunipandishia sauti tangu siku ya kwanza, anaamka kabla yangu anachemsha chai, anawafundisha watoto sala zetu kwa kuwa mimi nazisahau katikati, ingawa mwenyewe hajui maana yake. Ukaacha apitishiwe maji chini ya geti.

Niambie huyo uliyempa neno ni nani.

Khorshed


Pune, 12 Machi 1984

Mwanangu Khorshed,

Salamu nyingi. Tunahama taratibu. Kila kabati linalofunguliwa shangazi yako analia, kwa hiyo kazi haiendi.

Usiniandikie kwa hasira, mimi ni mtu mzima na najua nifanyalo. Gari limeuzwa na nimeridhika. Mnunuzi ni Eruch Pithavala wa Lonavala. Amekuja na kofia nyeusi kichwani, kabla ya salamu akauliza moto wa sala uko chumba gani, akaenda kuweka kijiti cha msandali na kuomba dua mbele yake, ndipo akaja kuketi. Babu yake na babu yangu walifanya kazi ofisi moja ya reli. Alipoingia bandani alivua viatu. Viatu, Khorshed. Ndipo nikajua gari limepata mwenyewe.

Nilitaka kumfungulia boneti nimwonyeshe silinda tulivyozisugua, akanizuia mkono. Akasema, “Mzee, neno la Mparsi linatosha.” Siku hizi unamkuta nani mwenye adabu hiyo? Wengine wote walikuja na tochi wakachungulia mpaka kwenye bomba la moshi kama madaktari wa ng’ombe.

Jina lake nimeliandika kwenye fomu mbele yake, kwa kalamu yangu ya wino. Amepakia kila kitu, mikebe yote, na lebo zako. Ameahidi atalimaliza kabla ya mwaka mpya wetu wa Agosti na kunijia nalo anitembeze mjini. Sikumuomba, amesema mwenyewe.

Samaki nilimla. Chumvi ilizidi kidogo.

Baba


Kolhapur, 20 Machi 1984

Baba,

Natumaini wazima huko.

Mtu anayenunua gari bila kufungua boneti hana haja na injini. Hilo ulinifundisha wewe, nikiwa na miaka kumi na sita, pale pale bandani, tulipotoka kuitazama ile Fiat ya wakili. Uliniambia nitazame mnunuzi anaanzia wapi. Umesahau kwa sababu ya kofia.

Tulikuwa tumetoa benchi la zamani na vyuma chakavu mbele ya gereji, gari lipate pa kukaa. Vasant alifagia mwenyewe. Sasa watoto wanacheza hapo.

Sina la kuongeza.

Khorshed


Pune, 26 Agosti 1984

Mwanangu mpendwa Khorshed,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa watoto. Natumaini barua hii itawakuta mnakula tambi za maziwa, na kama mwenzako hapendi tamu basi ale samaki. Sisi tumezoea ghorofani. Ngazi ni ishirini na mbili, goti linazijua zote kwa majina.

Umekaa kimya miezi mitano, na mimi sikutaka kukusumbua mpaka niwe na habari. Sasa ninayo. Pithavala ametimiza. Alikuja Jumapili saa nne asubuhi, hatujamaliza hata chai. Nilisikia honi nikatoka barazani, nikatazama chini, nikaiona. Kijivu, Khorshed, kijivu kile kile tulichokichagua kwenye kadi ya rangi, na mstari mwekundu mwembamba ubavuni. Bampa zimepigwa nikeli unajiona meno. Shangazi yako alikaa nyuma na mkoba wake mapajani kama mke wa gavana. Mimi nilikaa mbele. Sakafu ya upande wangu imara kabisa. Tulizunguka mtaa wa kambini, tukapita kwenye lile duka la mikate, watu wakatoka nje na unga mikononi. Injini husikii, unahisi tu kiti kinatetemeka kidogo mgongoni, kama ulivyokuwa ukisema itakuwa.

Kwa hiyo unaona. Si kila mtu ni mwongo. Nimeandika haya ili moyo wako utulie juu ya gari, na mengine nayo yatulie.

Wabusu watoto.

Baba yako akupendaye


Kolhapur, 9 Septemba 1984

Baba,

Nakuamkia. Heri ya mwaka mpya kwako na kwa shangazi. Watoto hawajambo, Mahrukh ameng’oka jino la mbele na analiweka mfukoni.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, mara ya mwisho nikiwa nimekaa chini ya gari la mtu na sikuweza kuendelea na kazi. Nilikuwa nimejiapiza nisikwambie jambo hili mpaka nife. Lakini sasa umeniandikia rangi, na mstari mwekundu, na watu wenye unga mikononi, na siwezi tena.

Mwezi wa Mei tulikwenda Bombay, harusi ya dada yake Vasant. Basi lilipita Pune na mimi sikushuka. Likasimama Lonavala watu wale. Kuna hoteli kubwa mpya pale barabarani, na watoto wakakimbilia ndani kwa sababu waliona gari ukutani. Ni Austin yetu. Wameikata katikati kwa msumeno, nyuma ya milango ya mbele. Nusu ya mbele imepigiliwa ukutani juu ya meza, taa zimetiwa balbu za njano zinawaka na kuzima. Nusu ya nyuma ndiyo kaunta ya kuuzia kashata za karanga, buti limekuwa droo ya kuwekea chenji. Imepakwa nyekundu, Baba, nyekundu ya lipstiki. Vasant aliitambua kabla yangu, kwa ile sakafu aliyoichomelea. Alinishika mkono akaniambia twende nje tukanunue maji. Sohrab akasema anataka kupanda.

Sikukuandikia. Nikasema moyoni, yule mzee analingoja mpaka Agosti, mwache angoje, angalau ana cha kungojea.

Mwezi wa Julai nilikwenda tena peke yangu, kuuliza kabureta na saa ziko wapi, nizinunue. Injini walishaiuza kwa uzito, chuma chakavu, na mikebe yote. Mwenye kukaa kaunta, mama mmoja mtaratibu, akaniona nimetoa leso akaniambia, “Wewe wa pili kulia hapa.” Akanieleza kwamba katikati ya Juni, mvua inanyesha, alikuja mzee mwembamba mwenye kofia nyeusi, anachechemea mguu wa kulia. Kaketi meza ya chini ya gari. Kaagiza chai hakuinywa. Halafu akasimama juu ya kiti, mzee yule, akaanza kufuta taa kwa leso, moja kisha ya pili. Watu wakacheka. Mwenye hoteli akatoka, akamtambua, akamkumbatia, akampa boksi la kashata bure. Yule mama akasema mzee alilipokea na akasema asante.

Kwa hiyo mwezi wa Juni ulijua. Agosti ukaniandikia kwamba umepanda.

Ningekuja siku hiyo hiyo. Ungeandika maneno matatu tu, Khorshed wamelikata gari, ningepanda basi na nguo za kazi. Badala yake umekaa na kunitungia safari nzima mpaka na shangazi nyuma, ili usiniambie kwamba ulimkosea mtu mmoja. Hata katika kunidanganya umeandika “mwenzako”. Miaka tisa hujawahi kuandika jina lake. Anaitwa Vasant.

Nakuomba jambo moja, na ni la mwisho. Mwandikie yeye, au niandikie mimi ukimtaja kwa jina lake, useme ukweli wa siku ile ya getini. Ukifanya hivyo tutakuja wote wanne kukuchukua, ukae nasi, hakuna ngazi hata moja hapa kwetu. Ya Mama nitayaacha. Yale yalikuwa ya makasisi, nimeshajifunza kuishi nayo. Hili la Vasant ni la kwako.

Binti yako,
Khorshed


Pune, 2 Oktoba 1984

Mwanangu,

Natumaini wewe na Vasant na watoto hamjambo. Mvua zimekwisha huku.

Ni kweli. Nilikwenda Juni na niliyaona. Kashata nilizipokea kwa sababu sikujua mikono nifanyie nini. Nilizitupa dirishani garimoshini, mtu wa behewa la nyuma akanitukana.

Ulitaka ukweli wa geti. Siku aliyokuja Vasant nilikuwa sijampa neno mtu yeyote. Pithavala alikuja siku nane baadaye. Ufunguo wa banda nilikuwa nao mfukoni, na nilikuwa nimeamka mapema kufuta vumbi kwenye gari ili Vasant alikute safi. Nilimwona amesimama nje na shati lililopigwa pasi na mkoba wa spana, akanionyesha ile karatasi katikati ya vyuma. Vipimo vyote vilikuwa sawa. Nikajua huyu atalimaliza, na atalimaliza vizuri kuliko mimi. Hapo ndipo nikamwambia limeshachukuliwa.

Umeniuliza sana kwa nini, na umeniwekea makasisi kama mto wa kulalia. Siwezi kuukubali huo mto. Siku ya mama yako, wewe ukiwa kwenye benchi, kasisi mzee Kaikobad alinivuta pembeni. Aliniambia, “Nariman, binti yako yuko nje. Nitageuka nitazame ukutani dakika moja. Mwite aingie amwone mama yake.” Nikamwambia hapana. Akaniuliza mara ya pili. Nikasema hapana. Hawakukuzuia wao. Nilikuzuia mimi.

Sasa utaelewa. Kama Vasant alikuwa mtu wa kupewa gari langu, basi alikuwa mtu wa kupewa binti yangu, na kama ni hivyo wewe ulikaa kwenye lile benchi bure, na mama yako akaenda bila kukuaga bure. Nilipokuwa getini niliyaona hayo yote kwa pamoja. Ilikuwa rahisi zaidi kumfukuza.

Mwambie Vasant namwomba radhi. Vipimo vyake vilikuwa sawa.

Ulisema nikiandika utakuja. Nimeandika yote, hata uliyokuwa huyajui. Nakungoja.

Baba yako


Pune, 17 Februari 1985

Mwanangu Khorshed,

Natumaini hujambo. Hii ni ya nne tangu ile ya Oktoba, na posta wananihakikishia kwamba zinafika. Goti silisemi tena.

Najua mu wazima, kwa sababu shangazi yako anapata barua zako kila mwezi. Ananisomea ya watoto. Akifika mahali fulani anakunja karatasi na kuitia mfukoni, na mimi simuulizi. Nimesikia Mahrukh amekuwa wa kwanza darasani kwa hesabu. Nimesikia Vasant amenunua mashine mpya ya kuchomelea. Jana tu shangazi alisema, nilipomuuliza kama umesema chochote juu yangu, “Anauliza kama unakula.” Nikamuuliza kama aliuliza kweli au ameongeza yeye. Akaenda jikoni.

Sikuandikii kukuhimiza. Nyumba hizi hazina geti, ni ngazi tu na mlango wa chini, na mlango huo uko wazi mchana kutwa. Jumapili nakaa barazani mpaka chai ya jioni. Mkija, msihangaike na kengele, nitakuwa nimeshawaona.

Baba yako